Kabla ya Kununua Unga wa Spirulina, Tazama Maji ya Bwawa Lako

Mfugaji yeyote wa samaki ukimuuliza hela yake inaishia wapi, atakujibu papo hapo: kwenye chakula. Zaidi ya nusu ya gharama za bwawa huenda huko, na kinachopandisha bei ya chakula ni protini. Huku kwetu Morogoro, kwenye bonde la Ngerengere ninakofugia sato na kambale, pumba za mahindi na mashudu ya alizeti hazisumbui kupatikana. Kinachosumbua ni dagaa. Dagaa wa Mwanza huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiingia wavuvi wanapumzika, na sisi tulio mbali na ziwa tunaijua mbalamwezi hiyo kwa bei ya gunia. Tena dagaa wanaouzwa kwa ajili ya mifugo wengi wameanikwa mchangani, kwa hiyo ndani ya gunia unanunua na mchanga. Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi ya bei: dagaa ni kitoweo cha watu. Kila ninapowapeleka mashineni kusagwa kwa ajili ya samaki, nawafikiria majirani zangu ambao hiyo ndiyo mboga yao ya wiki nzima.

Kwa hiyo habari za kulisha samaki kwa mwani mdogo ziliponifikia kwenye mafunzo ya wafugaji, nilizifuatilia kwa dhati, na bado nazifuatilia. Nazungumzia ule mwani usioonekana mmoja mmoja kwa macho, ambao unachokiona ni rangi yake tu ndani ya maji. Uko wa aina nyingi: klorela, senedesmasi, daiatomu, na ile inayotajwa kila mahali siku hizi, spirulina. Wataalamu wanaiweka spirulina kwenye kundi la bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua, ila kwa mfugaji kazi yake ni ileile ya mwani.

Spirulina si mgeni kwetu. Ndiyo inayoyafanya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa yawe ya kijani: Momela, Nakuru, Bogoria. Wale heroe wadogo wanaojazana huko kwa maelfu wanaichuja kwa midomo yao, na rangi yao ya waridi inatokana na chakula hicho. Kwenye chemchemi za moto za Ziwa Natron wanaishi hata samaki wadogo wa ukoo wa sato, ndani ya maji ya magadi ambayo sato wetu wa bwawani angekufa. Na kule Chad, wanawake wa Kikanembu tangu zamani wanaichota kwenye vidimbwi vya magadi, wanaianika juu ya mchanga hadi iwe mikate myembamba, wanaiita dihé, na wanaila na familia zao. Ikishakauka, protini yake ni kati ya asilimia 55 na 70. Soya ina karibu 40, na pumba za mahindi hufika 10 kwa taabu. Mfugaji akizisikia takwimu hizo lazima akae sawa kitini.

Lakini kabla sijafika kwenye spirulina ya kwenye tanki, nianze na samaki mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha sehemu kubwa ya haya.

Tulikuwa tunaandaa kitoweo cha shughuli nyumbani, nikampasua sato aliyetoka bwawani muda uleule. Utumbo wa sato ni mwembamba na umejikunja mzunguko juu ya mzunguko. Ukiunyoosha juu ya ubao unazidi urefu wa samaki mwenyewe mara tano na zaidi. Nikaubinya kwa kidole, ukatoka uji wa kijani kibichi. Mtoto wa kaka yangu aliyekuwa anapara magamba pembeni akauliza, "Shangazi, huyu tumemlisha majani saa ngapi?" Hatukumlisha jani hata moja. Asubuhi alimwagiwa pumba kama wenzake wote, lakini kilichojaa tumboni kilikuwa ukijani aliouchuja mwenyewe kwenye maji.

Sato ameumbwa kwa kazi hiyo. Kwenye matamvua yake kuna vijimeno na ute unaonasa vitu vidogo sana kila anapovuta maji. Tumbo lake lina tindikali kali mno, pH yake (kipimo cha tindikali na magadi, namba ikishuka tindikali ndiyo inazidi) hushuka chini ya 2, na tindikali hiyo ndiyo inayopasua ngozi za mwani ambazo samaki wengi hawaziwezi. Kisha huo utumbo mrefu unapata nafasi ya kunyonya kilichotoka. Ngege wa asili wa Ziwa Viktoria, ambaye wazee wa kando ya ziwa bado wanamkumbuka kwa utamu, aliishi hasa kwa mwani wa namna hii. Kambale hayuko hivyo. Tumbo lake linapenda nyama, utumbo wake ni mfupi, na ukimwagia mwani mtupu atakuwa anakutazama tu.

Maana yake ni kwamba mfugaji wa sato tayari ana shamba la mwani, nalo ni bwawa lenyewe. Inanisikitisha kumwona mtu ana bwawa lenye maji meupe unayoona hadi matope ya chini, halafu anatafuta unga wa spirulina wa kutoka nje wa kuchanganya kwenye chakula. Ukijani wa bwawa ni chakula cha saa ishirini na nne. Samaki anajilisha mwenyewe kati ya mlo wako wa asubuhi na wa jioni, na protini anayoipata humo hujailipia dagaa.

Namna ya kuupata ukijani huo afisa uvuvi yeyote atakueleza, nami naifuata hivi. Bwawa likiwa kavu natandaza chokaa ya kilimo, najaza maji, kisha naweka samadi ya kuku iliyokauka kwenye viroba vilivyotobolewa na kuvifunga kwenye kona. Navipenda viroba kwa sababu siku ukijani ukizidi navitoa nje, kazi imekwisha. Samadi iliyomwagwa bwawani huwezi kuitoa tena. Baada ya siku kadhaa za jua maji yanaanza kubadilika. Kipimo changu ni mkono. Nauzamisha taratibu huku nikiangalia kiganja. Kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, kama sentimita 30 hivi, bwawa limekaa vizuri. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, ukijani umezidi: natoa viroba, napunguza chakula, naongeza maji mapya. Maji yakipita kiwiko na bado naviona vidole, narudisha samadi. Lazima uhakikishe kwamba ni kijani kweli au kahawia hafifu ya daiatomu, maana tope la mvua nalo linaficha kiganja na halimlishi mtu.

Kuzidi kwa ukijani ni hatari ambayo watu wengi huijua wakati umeshawapiga. Mchana mwani unatoa oksijeni, tena kwa wingi. Usiku unaitumia, sambamba na samaki na vijidudu vinavyoozesha samadi. Yakija mawingu mfululizo, mchana nao hautoshi kujaza kilichotumika usiku. Mzee mmoja jirani yetu, mchapakazi kabisa, aliongeza samadi nyingi akitaka sato wake wakue haraka kabla ya Pasaka, na masika yakawa yameanza. Alfajiri moja kijana wake akaja kutugongea. Tulipofika, uso wa bwawa lote ulikuwa unatikisika kwa midomo, samaki wamesimama wima wanavuta hewa ya juu, na wengine wameshageuza matumbo. Tukawasha pampu, tukayafanya maji yaanguke kutoka juu kwenye ubao ili yachanganyike na hewa, tukatoa samadi tuliyoweza kuifikia. Jua lilipochomoza tulikuwa tumeokoa wadogo tu. Wakubwa ndio wanaotangulia kufa, kwa kuwa mahitaji yao ya oksijeni ni makubwa, na wakubwa ndio hela yenyewe. Mzee alikaa kwenye tuta hajasema neno mpaka saa tatu. Tangu hapo, wiki ya mawingu ikianza, mimi samadi sigusi kabisa, na chakula natoa nusu.

Na si kila kijani ni chakula. Ukiona utando wa kijani kilichochanganyika na bluu umekusanyika kwenye kona inakopulizia upepo, umetanda juu ya maji kama rangi ya mafuta iliyomwagika, na unanuka, huo mara nyingi ni maikrosistisi. Baadhi yake hutoa sumu inayoharibu ini la samaki, la ng'ombe anayekunywa hapo, na la binadamu. Wenzetu wa Ghuba ya Winam kule Kisumu na ghuba ya Mwanza wanaufahamu vizuri, maana unawafikia kila mwaka kwa sababu ya mbolea na maji machafu yanayoingia ziwani. Utando huo nauchota kwa chandarua na kuufukia mbali na maji, nasimamisha mbolea, na nabadilisha sehemu ya maji.

Sasa spirulina. Niliipata mbegu kwa mwalimu mmoja wa mafunzo, chupa ya lita moja ya maji ya kijani kilichokolea, na tangu hapo naitunza kwenye tanki la kina kifupi lililotandikwa nailoni nzito, juu yake kuna paa la plastiki angavu. Maji yake hayana uhusiano na maji ya samaki. Spirulina inataka magadi: kwa kila lita natumia kama gramu 8 za bikabonati ya sodiamu, ile baking soda inayouzwa kwa kilo, na gramu 5 za chumvi, kisha naitrati kidogo, fosfeti kidogo, chumvi ya magnesi na chembe ya madini ya chuma. pH inapanda hadi kwenye 10, na huo ndio ulinzi wake, kwani kwenye maji makali hivyo mwani mwingine na wadudu wengi hawaishi. Kuna wanaotumia magadi ya kupikia maharage kwa kuwa ni rahisi. Mimi nimeyaacha kwa sababu magadi yetu ya asili yanajulikana kwa floridi nyingi, na sitaki kuirundika kwenye samaki watakaoliwa na watoto.

Kuna watu wanauziwa maji ya spirulina ili wayamwage bwawani yakazaliane. Naomba hili lieleweke: kwenye maji baridi ya kawaida spirulina haizaliani, inakufa. Bwawani utakuza klorela na wenzake. Spirulina inakaa kwenye tanki lake, na inamfikia samaki ikiwa imeshavunwa.

Kuivuna ndiko kunakonipendeza kuliko kazi zote za shamba. Nyuzi zake zimejisokota, kwa hiyo zinanaswa na kitambaa cha kawaida cha nailoni chenye matundu madogo, jambo ambalo huliwezi kwa klorela, chembe zake ni ndogo mno na zinapita. Asubuhi mapema nachota kwa ndoo, namimina juu ya kitambaa, maji ya magadi yanarudi tankini, na juu ya kitambaa unabaki ute mzito wa kijani kilichokaribia weusi. Nausuuza kwa maji safi kidogo, nakunja kitambaa, nakigandamiza kwa jiwe mpaka ute ushikane. Wa kukausha naukamua kupitia kona ya mfuko uliotobolewa, unatoka kama tambi juu ya wavu, kivulini penye upepo. Jua kali linaupausha na kuharibu kilicho bora ndani yake.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu na daftari. Tanki linalotunzwa vizuri, kwenye joto la kutosha, hutoa kama gramu 5 hadi 10 za spirulina kavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tanki la mita 10 za mraba basi linakupa gramu 50, na siku nzuri sana gramu 100. Chukua sato 1,000 wa wastani wa gramu 200 kila mmoja. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, wanakula kilo 6 kwa siku. Kama dagaa ni asilimia 20 ya chakula hicho, unahitaji kilo 1.2 ya kitu cha kuwabadilisha, kila siku ya Mungu. Kwa gramu 5 kwa mita, hilo ni tanki la mita 240 za mraba, kubwa kuliko mabwawa ya wafugaji wengi ninaowafahamu, lote lijazwe bikabonati ya kununua. Kwa mfugaji mdogo, kuondoa dagaa wote kwa spirulina ya nyumbani haiwezekani, na anayekuambia inawezekana muombe akuonyeshe daftari lake.

Ila rudi kwenye hesabu ileile uangalie upande wa pili. Gramu 60 kwenye kilo 6 ni asilimia 1, na asilimia 1 tanki langu dogo linaimudu. Majaribio ya sato yaliyofanywa Misri yalitumia spirulina kwa kiwango hicho na chini yake, gramu 10 kwa kilo ya chakula kushuka hadi gramu chache tu, na samaki walikua vizuri zaidi na wakastahimili bakteria wa eromonasi, wale wanaoleta vidonda na kuoza mapezi. Kwa kiasi hicho spirulina haisimami tena kwenye nafasi ya dagaa. Inaingia kama kiungo cha afya, na hapo ndipo nguvu yake ilipo kwa mtu wa mtaji mdogo.

Mimi nimeielekeza kwa wale wanaoihitaji zaidi: vifaranga na wazazi. Kifaranga cha sato kilichotoka tu mdomoni mwa mama yake, anakoatamia mayai, kina kinywa kidogo sana, na hizo wiki za kwanza ndizo zinazoamua utavuna nini. Naweka vifaranga kwenye vizimba vya chandarua ndani ya bwawa. Chakula chao nakisaga hadi kiwe laini kama unga wa uji wa mtoto, soya nimeshaikaanga kwanza maana mbichi ina vizuizi vya kumeng'enya protini, kisha nachanganya spirulina. Mara nyingi siikaushi kabisa. Ute wa asubuhi naukanda na chakula na wanaula siku hiyohiyo, kwani ukilala unaoza na kunuka. Hivyo naokoa kazi ya kuanika na virutubisho vinabaki. Vizimba vilivyopata spirulina vilinipa vifaranga waliolingana zaidi kwa ukubwa. Kulingana ni jambo kubwa: pakiwa na mkubwa mmoja kati ya wadogo, anawanyang'anya chakula na kuwatafuna mikia. Walipopakiwa kwenye mifuko ya oksijeni kwenda kwa wateja, waliwahi kuchangamka baada ya kumiminwa kwenye maji mapya. Na kwa wazazi, tofauti naiona ninapomfungua jike mdomo kukusanya mayai. Yanakuwa ya njano iliyokolea, rangi inayotoka kwenye karotini za mwani.

Ukiwa huna tanki na unataka kununua unga, nunua kidogo kwanza na uupime. Uwe kijani kilichokoza kinachoelekea bluu, ukipauka au ukiwa na njano umekaa juani au ni wa zamani. Tia chembe kwenye glasi ya maji bila kukoroga sana, uache kwa saa kadhaa, kisha uchovye karatasi nyeupe ya chooni. Unga mzuri unaacha rangi ya bluu inayopanda kwenye karatasi. Na usiupitishe kwenye moto. Ninapotengeneza tembe kwa mashine ya kusagia nyama, uji wa muhogo wa kugandisha naupika pembeni, nauacha upoe, ndipo nachanganya spirulina na kukamua.

Kwa kambale nimepata njia nyingine ya kuutumia mwani, nayo haihitaji spirulina kabisa. Kifaranga cha kambale kinataka kinachotembea. Makopo ya mayai ya atemia, vijidudu vya maji ya chumvi vinavyolishwa vifaranga, yanaagizwa nje na bei yake inakatisha tamaa. Kwa hiyo nimeweka mapipa yaliyokatwa nusu, najaza maji ya kijani kutoka bwawani yaliyochujwa kwa kitambaa kizito, na ndani yake natia viroboto vya maji, wale wadudu wadogo wanaoruka-ruka, wataalamu wanawaita moina. Wanakula klorela, wanazaliana ndani ya siku chache hadi maji yanageuka rangi na kuwa mekundu-mekundu, na mimi nawachota kwa kichungio cha chai kuwapelekea vifaranga. Klorela ile ambayo siwezi kuichuja, na ambayo kambale hawezi kuimeng'enya, mdudu anaikusanya na kuigeuza nyama. Lazima pipa moja lipumzike wakati lingine linavunwa. Ukivuna yote kwa pamoja, viroboto wanaisha na vifaranga wanaanza kulana.

Hivi sasa tunaelekea Juni na usiku wa Morogoro umeanza kuwa wa baridi. Spirulina inapenda joto la nyuzi 35, na likishuka chini ya 20 inasimama. Tanki kubwa nimelifunika kwa nailoni kuanzia alasiri ili joto la mchana lisitoroke lote, navuna mara chache, na mbegu nimeitenga kwenye madumu mawili ndani ya nyumba, dirishani, endapo la nje litakufa. Vifaranga wa msimu huu watapata spirulina kavu niliyoianika Februari, iliyofungwa kwenye chupa zisizopenya mwanga. Bwawani natia samadi nusu ya ile ya Januari, maana jua ni dogo na mwani unakua taratibu, na kila asubuhi nazamisha mkono.